Misuli haijengwi kwa mikebe ya unga

JE, wewe ni miongoni mwa wale wanaoamini kwamba mwili uliotuna haupatikani bila mikebe ya unga kutoka ng'ambo na ratiba ya mazoezi ndefu kama sajili ya wapigaji kura? Ikiwa ndivyo, makala haya yanakuhusu. Kabla hujatoa shilingi nyingine mfukoni, hebu twende kwa mawazo hadi Garsen, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Malindi kwenda Lamu, katika Kaunti ya Tana River.

Huko utawakuta vijana wakisukuma mitumbwi kwa pondo, wakibeba mitungi ya maji na mikungu ya ndizi, na wengine wakiandamana na ng'ombe tangu alfajiri. Wapo wenye mabega ambayo mteja wa jimu ya Nairobi angeyatamani. Lakini usidhani wana siri. Misuli hukua kwa mambo matatu: kuufanyisha mwili kazi nzito kidogo kuliko ulivyozoea, kuulisha vizuri, na kuupumzisha. Yaliyosalia ni mapambo.

Chakula kiko sokoni

Mtu mzima wa kawaida huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzani wake. Anayeinua vyuma huhitaji zaidi, lakini kuna kikomo. Uchambuzi wa majaribio 49 uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la British Journal of Sports Medicine ulionyesha kwamba ukipita gramu 1.6 hivi kwa kila kilo, huongezi misuli ya maana.

Tuchukue mfano wa kijana wa kilo 60. Anahitaji gramu 96. Vikombe viwili vya maziwa kutoka kwa wafugaji wa Kiorma au Wardei vitampa gramu 16. Mayai mawili, gramu 12. Kipande kizuri cha kambare au perege kutoka mtoni, gramu 30. Bakuli la kunde au pojo, gramu 16. Sima ya unga robo kilo, kwa milo miwili, itamwongezea gramu 20 hivi. Jumla ni gramu 94, na konzi ya njugu itaziba pengo. Wali na maembe ya Wapokomo humpa nguvu za kufanya mazoezi, kwa hivyo wanga usiuogope.

Huo unga wa mkebe, kwa kawaida, ni protini ya maziwa iliyokaushwa. Si sumu, na mtu asiye na nafasi ya kupika unaweza kumfaa. Lakini anayepata maziwa, samaki na kunde ananunua mara ya pili kitu alicho nacho tayari.

Tahadhari mbili. Kwanza, chemsha maziwa, kwani yasiyochemshwa yanaweza kukuambukiza ugonjwa wa bruselosisi, ambao huleta homa ya kurudiarudia na maumivu ya viungo. Pili, mwenye maradhi ya figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari.

Mtungi mmoja watosha

Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Kwa hivyo mtungi wa plastiki wa lita 20 ni chuma cha kupimika ambacho kila nyumba inacho. Jaza lita 10, kisha fanya hivi: ukumbatie kifuani uchuchumae na kuinuka, inama mgongo ukiwa umenyooka uuvute kuelekea tumboni, uinue kutoka kifuani hadi juu ya kichwa, halafu uubebe kwa mkono mmoja ukitembea hatua 40, kisha ubadilishe mkono. Ongeza pushapu na kujivuta juu kwenye boriti imara.

Kila zoezi lifanye mizunguko mitatu, mara 8 hadi 12 kila mzunguko. Siku tatu kwa wiki zatosha, mradi kati yake pawe na siku ya mapumziko. Ukifikisha 12 bila taabu, ongeza lita moja. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, alitumia kanuni hii ya kuongeza uzito hatua kwa hatua kuwatibu askari waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Hadi leo haijapata mpinzani. Mtungi ukijaa na bado ni mwepisi, ndipo ufikirie jimu.

Usicheze na afya

Garsen kuna joto kali. Fanya mazoezi asubuhi na mapema au jua likitua, na unywe maji safi. Wakati wa Ramadhani, subiri baada ya kufuturu. Ukiwa na homa, acha kabisa. Nenda ukapimwe malaria kwanza. Na chakula kikiwa haba, kama ilivyokuwa kwa wengi Mto Tana ulipofurika na kumeza mashamba mwishoni mwa 1997 na tena mwishoni mwa 2023, punguza mazoezi. Mwili wenye njaa hula misuli yake wenyewe.

Hatari kubwa zaidi ni ile sindano au kidonge unachopewa kwa kunong'onezewa. Homoni za kiume za kutengenezwa hutunisha misuli, ni kweli. Lakini pia husinyaza korodani, huzuia mbegu za uzazi, huotesha matiti kwa mwanamume na huharibu moyo na ini. Kijana anayetafuta umbo la kiume anaweza kujikuta hawezi kupata mtoto. Kama tayari unazitumia, usione haya kumweleza daktari.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, fedha ulizotenga kwa ajili ya mkebe zipeleke sokoni ukanunue mayai, kunde na samaki. Lala saa saba hadi nane kila usiku. Andika kwenye daftari idadi ya lita ulizoinua, na usitazamie mabadiliko ya kuonekana kwenye kioo kabla ya miezi miwili au mitatu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwako wewe, itajaza mtungi.