Ardhi Inayomchagua Mshindi: Viwanja vya Mbio za Farasi na Siku Zake Kuu

Katika michezo mingi inayopendwa duniani, uwanja hupimwa kwa kipimo kimoja na kusawazishwa ili usimpendelee mtu yeyote, na ndiyo maana mchezaji wa soka anayetoka Dar es Salaam kwenda Cairo hakuti huko goli lililo pana zaidi. Mbio za farasi hazikukulia katika desturi hiyo. Zilianza juu ya ardhi kama ilivyokuwa, yaani kwenye malisho, vilima, fukwe na nyanda za nje ya miji, na viwanja vikongwe vimebaki na maumbile yake hadi leo: kimoja hupanda na kuteremka, kingine huwalazimu farasi kukata kona kwa upande wa kulia, na kingine kimefunikwa udongo wa mchanga badala ya nyasi. Kwa hiyo anayetaka kuelewa kwa nini siku fulani za mbio zinasimuliwa baada ya miaka 50 au 100 hana budi kuanza na ardhi yenyewe, kwa kuwa mara nyingi ndiyo iliyoamua mambo ambayo watazamaji walidhani yameamuliwa na farasi na mpandaji wake peke yao.

Farasi anayekimbia katika mashindano makubwa huitwa farasi wa damu safi, kwa maana kwamba nasaba yake imeandikwa kizazi baada ya kizazi, na farasi wote wa aina hiyo, kwa upande wa baba, ni uzao wa madume watatu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo, Syria, mwaka 1704. Mpandaji wa mashindano huitwa jokii, anayemwandaa farasi ni mkufunzi, naye anayemlisha, kumsugua na kumtembeza kila siku ni saisi. Tofauti kati ya mshindi na wanaomfuata hupimwa kwa urefu wa mwili wa farasi mmoja, ambao ni takribani mita 2.4, na mbio nyingi kubwa huamuliwa kwa urefu mmoja au miwili, wakati mwingine kwa pua tu.

Uwanja wa Epsom, ulio kusini mwa London, ndio uliozaa mbio ziitwazo Dabi, ambazo zilikimbiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1780, mshindi wake akiwa farasi aitwaye Diomed. Tangu mwaka 1784 umbali wake umekuwa takribani mita 2,400, na washindani ni farasi wa umri wa miaka mitatu tu, hivi kwamba kila farasi hupata nafasi moja maishani mwake. Njia ya Epsom ina umbo la kiatu cha farasi: mara baada ya kuanza, farasi hupanda mlima mrefu, kisha huteremka kwa kasi wakikata kona ya kushoto iitwayo Tattenham Corner, na wanapoingia katika sehemu iliyonyooka hukuta ardhi imeinama kuelekea uzio wa ndani, kiasi kwamba farasi aliyechoka huvutwa pembeni hata kama jokii anakaza hatamu. Kwa kweli, mtu aliyeombwa leo kubuni uwanja wa haki asingethubutu kuchora kitu kama hicho, lakini ugumu huo ndio unaoifanya Dabi kuwa mtihani unaoheshimiwa, kwa sababu unampima farasi kwa nguvu, kwa wepesi na kwa utulivu wa akili kwa wakati mmoja.

Jambo jingine la pekee kuhusu Epsom ni kwamba eneo lililozungukwa na njia ya mbio ni kilima cha wazi ambacho umma umekitumia kwa karne nyingi bila kulipa kiingilio, na hali hiyo inasaidia kueleza tukio la tarehe 4 Juni 1913. Siku hiyo Emily Davison, mwanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura, alisimama miongoni mwa umati wa Tattenham Corner, akapita chini ya uzio wakati farasi wa mbele walipokwisha kupita, na kugongwa na Anmer, farasi wa Mfalme George wa Tano. Alifariki siku nne baadaye, huku kamera za sinema zikiwa zimelinasa tukio zima. Katika mbio hizo hizo Craganour, aliyevuka wa kwanza, alinyang'anywa ushindi na wasimamizi kwa kosa la kuwasukuma wenzake, na taji likapewa Aboyeur, ambaye wacheza kamari walikuwa wamempa nafasi ya moja kwa mia. Hata hivyo, historia imetenda haki kwa kumkumbuka Davison zaidi kuliko farasi hao wawili, kwa kuwa alichokidai kilikuwa kikubwa kuliko mashindano yoyote.

Miaka 68 baadaye, uwanja huo huo ulishuhudia ushindi ambao haujawahi kufikiwa katika Dabi. Tarehe 3 Juni 1981 Shergar, farasi mwenye paji jeupe usoni, akipandwa na Walter Swinburn aliyekuwa na umri wa miaka 19 tu, alishinda kwa tofauti ya urefu wa farasi 10, na jokii wa farasi wa pili alieleza baadaye kwamba alidhani ameshinda yeye mpaka alipomwona mwenzake yuko mbali mbele. Mmiliki wa Shergar hakuwa mgeni kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, kwani alikuwa Aga Khan wa Nne, Imamu wa Waismailia, ambaye jina lake liko katika hospitali na shule za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Babu yake, Aga Khan wa Tatu, aliyepimwa uzito kwa almasi jijini Dar es Salaam mwaka 1946 katika sherehe za miaka 60 ya uimamu wake, alikuwa ameshinda Dabi mara tano kati ya mwaka 1930 na 1952, na mjukuu naye akafikisha ushindi wa tano mwaka 2016. Shergar mwenyewe hakuwa na mwisho mwema: mwezi Februari 1983 watu wenye silaha walimteka katika shamba la kuzalishia farasi nchini Ireland, na hakuonekana tena.

Aintree, karibu na Liverpool, ni ulimwengu mwingine kabisa, kwa kuwa mbio zake kuu, Grand National, ni za kuruka viunzi, yaani vizuizi vya matawi na mitaro ambavyo farasi hupaswa kuviruka mara 30 katika mizunguko miwili yenye jumla ya takribani kilomita 7. Kiunzi maarufu kuliko vyote, Becher's Brook, kilipewa jina la Kapteni Martin Becher, aliyeangukia ndani ya mtaro wake mwaka 1839. Lakini tukio lililozungumzwa zaidi halikutokea katika kiunzi kirefu. Tarehe 8 Aprili 1967 farasi 44 walianza, na walipofika kiunzi cha 23, ambacho ni miongoni mwa vifupi zaidi uwanjani, farasi mmoja aliyekuwa amempoteza mpandaji wake aligeuka na kukimbia kwa kukingama mbele ya wenzake, wakagongana na kurundikana karibu kundi zima. Foinavon, aliyekuwa nyuma sana kwa sababu ya unyonge wake, alipata muda wa kuona pengo, akaruka peke yake na kushinda kwa nafasi ya moja kwa mia, ilhali mkufunzi wake hakuwepo, kwa kuwa alikuwa amekwenda kupanda farasi mwingine katika uwanja wa Worcester. Leo kiunzi hicho kinaitwa Foinavon.

Shujaa wa kweli wa Aintree, hata hivyo, ni Red Rum, aliyeshinda mwaka 1973, 1974 na 1977, na kushika nafasi ya pili katika miaka miwili ya katikati. Alikuwa na ugonjwa wa mifupa ya kwato ambao ungetosha kumstaafisha farasi mwingine, lakini mkufunzi wake, Ginger McCain, muuza magari wa mji wa Southport, hakuwa na malisho ya kumkimbiza, akamkimbiza ufukweni, na inaaminika kwamba mchanga laini na maji baridi ya bahari ndivyo vilivyomwezesha kukimbia bila maumivu. Alipokufa mwaka 1995 alizikwa kando ya nguzo ya mwisho ya uwanja huo. Ni lazima pia isemwe wazi kwamba Aintree imeua farasi wengi, na uamuzi ulioanza kutumika mwaka 2024 wa kupunguza washindani kutoka 40 hadi 34 na kukisogeza kiunzi cha kwanza karibu na mwanzo, ili farasi wasikifikie kwa kasi kubwa mno, ulistahili kufanywa mapema zaidi.

Nchini Marekani viwanja vingi hufanana, yaani duara refu la udongo lililo tambarare, na tofauti kubwa iko katika ukubwa. Belmont Park ya New York ina mzunguko wa takribani mita 2,400, mkubwa kuliko wowote wa udongo nchini humo, wenye kona pana ambazo hazimlazimishi farasi kupunguza hatua zake. Tarehe 9 Juni 1973 farasi mwekundu aitwaye Secretariat aliingia humo akiwa ameshashinda mbio mbili za mwanzo za Mataji Matatu, yaani mbio tatu kuu za Marekani za farasi wa miaka mitatu, heshima ambayo hakuna farasi aliyekuwa ameikamilisha tangu mwaka 1948. Yeye na mpinzani wake Sham walianza kwa kasi ambayo wajuzi waliiona kuwa ya kujiangamiza, na kwa Sham ilikuwa hivyo, kwa sababu alimaliza wa mwisho kati ya watano. Secretariat alizidi kujitenga katika kona zile pana mpaka akavuka kwa tofauti ya urefu wa farasi 31, kwa muda wa dakika 2 na sekunde 24, ambao haujavunjwa hadi sasa. Zaidi ya tiketi 5,000 za ushindi hazikurudishwa kuchukuliwa fedha, kwa sababu wenyewe walipendelea kuzihifadhi. Hakuna siku nyingine ya mbio ambayo uwanja na farasi vilifaana kwa ukamilifu kama huo.

Damu iliyotoka nchi za Waarabu imerudi pia kwao. Kombe la Dunia la Dubai lilianza mwaka 1996, mshindi wake wa kwanza akiwa Cigar kutoka Marekani, na tangu mwaka 2010 hukimbiwa katika uwanja wa Meydan, ambako kwa muda mrefu kamari haikuruhusiwa, jambo lililoonyesha kwamba mbio hizi zinaweza kuwavuta watu bila fedha kuwekwa rehani.

Kwa Afrika Mashariki, uwanja mkuu ni ule wa Ngong mjini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954, ingawa Dabi ya Kenya yenyewe ilianza mwaka 1914 katika uwanja wa zamani. Uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa nyepesi humchosha upesi farasi anayetumia nguvu zake zote mapema. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na kukua akizungumza Kiswahili, alipata leseni ya ukufunzi akiwa bado msichana, na mwaka 1926 farasi wake Wise Child, licha ya miguu yenye maradhi, alishinda mbio za St Leger za Kenya. Miaka kumi baadaye Markham alivuka Bahari ya Atlantiki kwa ndege peke yake kutoka Uingereza, kisha akarudi Kenya na kushinda Dabi ya nchi hiyo zaidi ya mara moja, na alifariki mwaka 1986 akiwa anaishi katika eneo la uwanja wa Ngong. Sifa hizo hazipaswi kuwafunika masaisi Waafrika, ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya ushindi ingawa ndio waliowajua farasi hao kuliko mtu mwingine yeyote.

Msomaji aliye Nairobi anaweza kwenda Ngong Jumapili ya mashindano, na anashauriwa kusimama kwanza penye duara ambamo masaisi huwatembeza farasi kabla ya mbio, awatazame kwato, mabega na masikio, kisha ndipo apande jukwaani.