Bei iliyo kwenye kioo cha kompyuta ni ya saa ngapi?

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayeagiza bidhaa kutoka nje huamua mambo mengi kwa kutazama tarakimu moja: dola inauzwa shilingi ngapi. Mwekezaji mdogo naye hutazama bei ya hisa zake kabla ya kumpigia simu dalali. Wapo wengi ambao tarakimu hizo wameziweka pembeni mwa kioo cha kompyuta, ndani ya kidirisha kidogo kinachokaa wazi siku nzima. Vidirisha hivyo huitwa wijeti.

Wijeti ni programu ndogo yenye kazi moja. Ipo ya saa, ya kalenda, ya kikokotoo, ya hali ya hewa, ya orodha ya wadaiwa na ya bei za soko. Faida yake ni kumpunguzia mtu kazi ya kufungua kurasa kila mara. Hata hivyo, tarakimu iliyo mbele ya macho muda wote huaminiwa upesi, na mara nyingi haisemi ni ya saa ngapi wala imetoka wapi. Hapo ndipo fedha hupotea.

Zilikotoka

Vidirisha hivi si vitu vipya. Kompyuta ya Macintosh, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 1984, ilikuja na saa, kikokotoo na kidaftari cha kumbukumbu. Mwaka 1996 kampuni ya PointCast ya Marekani ilianza kuleta habari na bei za hisa kwenye kompyuta za maofisini, zikipita kwenye kioo wakati kompyuta haitumiki. Makampuni kadhaa yaliizuia kwa kuwa ilikuwa ikisonga mitandao yao. Mwaka 1997 iliripotiwa kwamba News Corporation ilikuwa tayari kuinunua PointCast kwa dola milioni 450. Mwaka 1999 iliuzwa kwa takriban dola milioni 7 tu.

Jina la wijeti lilienea zaidi baada ya mwaka 2003, pale Arlo Rose na Perry Clarke walipotoa programu ya Konfabulator kwa watumiaji wa Macintosh. Yahoo iliinunua mwaka 2005 na kuigawa bure. Mwaka huo huo Apple ilitoa wijeti zake zilizoitwa Dashboard, na Microsoft ikafuata mwaka 2007 kwa kuziweka kwenye Windows Vista.

Mwezi Julai 2012 Microsoft ilitoa tahadhari na kuwashauri watumiaji wa Windows Vista na Windows 7 wazime kabisa wijeti hizo. Sababu ni kwamba wijeti yenye kasoro, au iliyotengenezwa kwa nia mbaya, ingeweza kufanya ndani ya kompyuta lolote ambalo mwenye kompyuta mwenyewe angeweza kufanya. Windows 8, iliyotoka baadaye mwaka huo, haikuwa nazo. Wijeti zilirudi kwa sura nyingine kwenye Windows 11 mwaka 2021, na Apple iliziruhusu kukaa moja kwa moja kwenye uso wa kompyuta mwaka 2023 kupitia toleo la macOS Sonoma.

Jinsi ya kutengeneza

Anayetumia Windows na kutaka kutengeneza wijeti yake mwenyewe anaweza kutumia Rainmeter, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2001. Hailazimu kuwa mtaalamu. Kila wijeti ya Rainmeter ni faili la maandishi ya kawaida linaloweza kufunguliwa kwa Notepad. Ndani yake mna sehemu za aina mbili: zile zinazopima, yaani zinazotafuta habari kama saa au bei, na zile zinazoonyesha habari hiyo kwenye kioo.

Kubadili sura ni kazi nyepesi. Mistari ya X na Y hupanga mahali maandishi yatakapokaa, FontSize hupanga ukubwa wake na FontColor hupanga rangi. Ukishahifadhi faili, bofya wijeti kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uiagize ijisome upya. Ni vyema anayeanza achukue nakala ya wijeti iliyopo na kuibadili kidogo kidogo, badala ya kuanza na karatasi tupu.

Wijeti ya bei huhitaji zaidi. Hupewa anwani ya ukurasa wa intaneti, pamoja na kanuni inayoieleza ni tarakimu ipi ichukuliwe kati ya maandishi yote ya ukurasa huo. Wenye ukurasa wakibadili mpangilio, kanuni hiyo inaweza kushindwa kupata kitu, au ikachukua tarakimu isiyo yako. Kwa hiyo linganisha wijeti na ukurasa wenyewe walau mara moja kwa siku.

Mambo matatu ya kukagua

Kwanza ni muda. Kwa kawaida Rainmeter hujisahihisha kila sekunde 1, lakini sehemu inayosoma kurasa za intaneti huwa na mstari wa UpdateRate ambao usipoandikwa huhesabiwa kuwa 600. Maana yake ukurasa husomwa kila baada ya sekunde 600, yaani dakika 10. Aidha, huduma nyingi za bure hutoa bei za hisa zilizochelewa dakika 15 au zaidi. Jumlisha hayo mawili: bei unayoiona inaweza kuwa ya dakika 25 zilizopita. Ukiandika 60 badala ya 600, wijeti itasoma kila dakika 1, ila ucheleweshaji wa chanzo utabaki pale pale. Ukishusha zaidi ya hapo utamaliza bando lako, na wenye ukurasa wanaweza kukufungia.

Dawa ni kuiagiza wijeti ichukue pia saa ya bei, iwapo imeandikwa kwenye ukurasa. Usiweke saa ya kompyuta kando ya bei ukadhani umemaliza kazi. Saa hiyo itaendelea kutembea hata mtandao ukiwa umekatika, na bei ya jana itaonekana kama ya sasa hivi.

Pili ni aina ya bei. Wijeti nyingi za fedha za kigeni huonyesha kiwango cha kati, yaani katikati ya bei ya kununua na ya kuuza. Benki haikuuzii dola kwa kiwango hicho. Tuseme wijeti inaonyesha shilingi 2,600 na benki inauza kwa shilingi 2,640. Kwa anayelipia mzigo wa dola 5,000 tofauti ni shilingi 200,000. Aliyepanga bei ya rejareja kwa kufuata wijeti ameshakula faida yake kabla mzigo haujafika.

Tatu ni usalama. Wijeti za Rainmeter zilizotengenezwa na watu wengine hugawiwa zikiwa kwenye kifurushi, na kifurushi kinaweza kubeba vipande vya programu vinavyoendeshwa ndani ya kompyuta yako. Pakua kwa watengenezaji wanaofahamika tu. Usiandike nywila ya benki au ya akaunti ya hisa ndani ya faili la wijeti, kwani ni maandishi ya wazi ambayo yeyote anayekalia kompyuta hiyo anaweza kuyasoma.

Ushauri kwa mfanyabiashara

Wijeti hufaa sana kwa kazi ambazo kuchelewa kidogo hakuleti hasara: kukumbusha tarehe ya kodi ya pango, kuorodhesha wanaodaiwa, kupiga hesabu, au kufuatilia mwelekeo wa bei kwa siku na wiki. Kwa mwelekeo, dakika 25 si kitu.

Kwa ununuzi na uuzaji wenyewe, ichukue tarakimu ya wijeti kama ishara ya kukuamsha. Inapoonyesha bei uliyokuwa ukiisubiri, piga simu kwa dalali au benki, uliza bei ya kununua au ya kuuza ya wakati huo, ndipo utoe agizo. Simu hiyo huchukua dakika chache, na bei utakayotajiwa ndiyo utakayolipa.