Maji Moto ya Kuoshea Mitungi ya Maziwa: Ni Chombo Gani Kitawale Stima?

Wakulima wengi wa skimu wanaofuga ng'ombe wa maziwa wana stima nyumbani, na wengine wametia koili katika tangi la maji ya kuoshea mitungi. Jambo hilo ni jema, kwani mtungi usiooshwa kwa maji moto huharibu maziwa, na maziwa yaliyoharibika hurudishwa na chama. Lakini koili hiyo itawaliwe na chombo gani?

Kwanza ijue koili yako. Koili ya wati 3,000 katika stima ya volti 240 hula ampea 12 na nusu. Kupasha lita 50 za maji kutoka digrii 20 mpaka 80 huchukua kama saa moja na dakika kumi, nawe utalipia uniti tatu na nusu. Volti zikishuka mpaka 200, kama zishukavyo jioni mwisho wa laini, koili hiyo hiyo hutoa wati 2,080 tu. Usimlaumu fundi.

Madukani huuzwa kijisanduku chenye kifundo cha kuzungusha, kimeandikwa wati 4,000, na bei yake ni rahisi. Ndani mna kidude kiitwacho triaki, ambacho hukata stima mara 100 kila sekunde. Triaki yenyewe hupata moto. Kwa koili ya wati 3,000 hutoa joto la wati 15 hivi, na kile kibati cha aluminiamu kilichofungwa nayo mara nyingi ni kidogo mno. Anayekitaka achukue kilichoandikwa mara mbili ya mzigo wake, chenye bati kubwa, akifunge mahali penye hewa, mbali na mvuke. Na kuna ubaya mwingine. Triaki ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imeachia stima yote. Utazungusha kifundo mpaka mwisho na maji yataendelea kuchemka, hata tangi likauke na koili kavu iwashe moto.

Kwa maoni yetu, mwenye tangi la kuoshea mitungi hana haja ya kifundo. Maji mengi hupata moto polepole na kupoa polepole, basi themostati yatosha kabisa. Ila themostati ndogo isibebe mzigo wote. Iamuru kontakta, nayo kontakta ndiyo iwashe koili. Ukinunua kontakta, tazama hesabu iliyoandikwa AC-1, ambayo ni ya koili za joto. Ile ya AC-3 ni ya mota. Ampea 25 za AC-1 zafaa koili ya wati 3,000.

Kifundo chaweza kumfaa anayetumia jenereta ndogo isiyoweza kubeba koili nzima. Na akumbuke kwamba nusu ya volti huleta robo ya joto, si nusu.

Chombo chochote utakachochagua, weka kikatio cha pili cha joto, kisichorudi mpaka ukibonyeze kwa mkono, maana hata kontakta huweza kugandamana. Weka na swichi ya boya ikate stima maji yakipungua. Waya wa ardhi ufungwe kwenye tangi lenyewe, na tundu la mvuke lisizibwe kamwe. Usitumie plagi ya ampea 13 kwa kazi ya kila siku. Fundi mwenye leseni akuvutie waya wake peke yake toka kwenye boksi.