"Shindano njo ya mwisho": kufikiria insulini kabla ya kuchelewa
(Ugonjwa wa sukari, sehemu ya tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulizungumza juu ya chakula, kisha juu ya vidonge. Leo tunafika pale ambapo wasomaji wengi wangependa tusifike: sindano.

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, muuza unga wa mahindi, alikuja kwangu na karatasi ya maabara aliyoikunja mara nne na kuifunga kwenye ncha ya kitenge. Mimi nimestaafu udaktari, lakini majirani hawajui maana ya kustaafu. Ana miaka tisa na sukari. Anakunywa Glucophage asubuhi na jioni, na Daonil juu yake, wala haruki siku. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 268 mg/dl. Wiki iliyopita ilikuwa 281. Daktari wake alimtajia neno moja tu, insulini, naye akainuka akatoka bila kuaga.

"Munganga," akaniambia, "mi sikatae dawa. Lakini mama mukubwa yangu alianza shindano, hakumaliza shiku mbili. Shindano njo ya mwisho."

Nikamwomba anisimulie habari za mama mkubwa huyo. Alikuwa na kidonda cha mguu tangu msimu wa mvua, akakitibu kwa majani, kisha kwa maombi, kisha kwa vidonge vya antibiotiki vilivyouzwa kimoja kimoja barabarani. Siku alipopelekwa hospitali mguu ulikuwa mweusi hadi kwenye kifundo, na yeye hajitambui. Wakamtundikia maji, wakamdunga insulini. Akafariki usiku wa pili.

Hesabu ya mama wa Katuba si ya ujinga. Alichokiona ndicho alichokiona: sindano, kisha jeneza. Wakatoliki wa mji huu wanakumbuka jambo la namna hiyo hiyo. Wazee wetu waliogopa kumwita padri na mafuta matakatifu, kwa sababu kila alipoonekana akiingia uwanjani na kifurushi chake, matanga yalifuata. Basi waliahirisha kumwita mpaka mgonjwa yuko katika pumzi za mwisho, na kwa kuahirisha huko wakazidi kuthibitisha kwamba padri analeta kifo. Insulini ya Lubumbashi inaishi na sifa hiyo. Tunaiita kwa kuchelewa, halafu kuchelewa kwenyewe kunakuwa ushahidi dhidi yake.

Kwa nini vidonge vilivyofanya kazi miaka mitano au sita vinachoka? Kwa kweli havichoki vidonge, kinachochoka ni kongosho. Ndani yake mna visiwa vidogo vya seli ambavyo Mjerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869, na baadhi ya seli hizo, ziitwazo beta, ndizo zinazotengeneza insulini. Utafiti mkubwa wa Uingereza, ulioanza mwaka 1977, ukawafuata wagonjwa 5,102 waliokuwa wametoka tu kugunduliwa na ukatoa matokeo yake mwaka 1998, ulikadiria kwamba siku mtu anapoambiwa ana sukari ya aina ya pili, nusu hivi ya nguvu ya seli hizo imekwisha kupotea. Na inaendelea kupungua, hata kwa mgonjwa mtiifu.

Sisi watu wa Katanga hatuhitaji mfano wa mbali. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikufikisha 30,000. Mitambo ilizeeka, machimbo yakaporomoka, vipuri havikuja. Katika hali hiyo kumfokea mfanyakazi aongeze bidii kunasaidia kidogo, kisha hakusaidii tena. Daonil ni huyo msimamizi anayefoka: inazikamua seli za beta zitoe zaidi. Glucophage kazi yake ni nyingine, inalituliza ini lisimwage sukari ovyo, na ndiyo maana tunaiendeleza hata mgonjwa anapoanza sindano, maadamu figo bado zinafanya kazi vizuri. Insulini ya chupa inafanya jambo tofauti na zote mbili. Inaleta shaba kutoka nje wakati mgodi wa nyumbani hautoshi. Mgonjwa anayeambiwa aanze hajashindwa mtihani wowote. Niseme wazi kwamba sisi waganga ndio tuliolitia jambo hili sumu, kwa kuwatisha watu miaka nenda miaka rudi: "Usipofuata masharti nitakuweka kwenye sindano." Dawa iliyotumika kama fimbo haiwezi kupokewa kama dawa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi zenye uwezo mdogo kama yetu, linaiweka insulini ya kawaida hatua ya tatu, baada ya hizo dawa mbili. Nchi tajiri siku hizi hutanguliza sindano nyingine, zile za kupunguza hamu ya kula ambazo magazeti yanazipigia kelele. Nazo shirika hilo liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwezi wa Septemba 2025. Kuingia kwenye orodha ya Geneva ni safari moja, kufika kwenye rafu ya farmasi ya Kampemba ni nyingine.

Lakini wapo wasiotakiwa kungoja hatua ya tatu. Mtu anayekonda mbele ya macho, anakunywa maji bila kushiba, anaamka mara tano usiku kukojoa, na kipimo kinasoma juu ya 300, huyo anahitaji insulini sasa, hata kama aligunduliwa jana. Vivyo hivyo mama mjamzito ambaye chakula na vidonge havikumtosha, mtu anayekwenda kupasuliwa, na mwenye maambukizo makubwa.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wa kwetu hawajaambiwa. Madaktari wa hospitali ya Saint-Louis, Paris, waliwachunguza wagonjwa wenye asili ya Afrika, kusini mwa Sahara, waliofika wakiwa na sukari kali na asetoni kwenye mkojo, kama watoto wenye sukari ya aina ya kwanza, lakini bila alama za kinga ya mwili kuishambulia kongosho. Waliwapa insulini. Baada ya wiki au miezi, watu watatu hivi kati ya wanne waliweza kuiacha sindano na kuishi bila hiyo kwa muda, wengine kwa miaka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Maelezo yake ni kwamba sukari iliyozidi sana inazipumbaza seli za beta. Ukiishusha kwa nguvu mwanzoni, zilizobaki zinazinduka. Kwa hiyo ile kauli ya "ukianza hutoki" si kweli kwa kila mtu. Wengine hawatoki, huo ndio ukweli, na mama wetu mwenye miaka tisa ya ugonjwa pengine ni mmoja wao. Lakini kijana wa miaka 38 aliyeletwa juzi na 480 na asetoni, yule anaweza kutoka, naye ndiye anayekimbia sindano kuliko wote.

Sasa tuje jikoni, maana huko ndiko sindano inakoharibikia.

Chupa inayopatikana sana kwetu ni ile ya mchanganyiko, ya kudungwa asubuhi na jioni. Vitabu vinaipenda. Ila ina sharti moja ambalo aliyeiandika dawa huwa hasemi: inadai chakula asubuhi na chakula jioni, kila siku, karibu saa zile zile. Nyumba ngapi za mitaa yetu ya Kenya, Katuba au Ruashi zinakula hivyo? Wengi wanaondoka na chai, wakipata, na chungu cha kweli kinapanda jioni: bukari na sombe, au lengalenga na ndakala siku ya neema. Ukimdunga mtu huyo asubuhi dozi iliyopimwa kwa ajili ya meza ya Brussels, saa sita mchana atakuwa anatetemeka katikati ya soko. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo daktari anapaswa kuuliza si la damu: unakula saa ngapi, na mara ngapi?

Kwa nyumba ya bukari moja kwa siku, mimi hupendelea kuanza na insulini ya polepole peke yake, usiku wakati wa kulala. Ni ile yenye rangi ya maziwa, iitwayo NPH. Herufi H ni ya Hans Christian Hagedorn, Mdenmark ambaye mwaka 1936 alionyesha kwamba ukiichanganya insulini na protamini, kitu kinachotolewa katika manii ya samaki, inafyonzwa taratibu. (Ndiyo, samaki. Mama wa Katuba alicheka hapo, mara ya kwanza siku ile.) Inapanda kileleni saa nne hadi nane au zaidi baada ya kudungwa, kwa hiyo ya usiku inakutana na ile sukari inayomwagwa na ini kabla ya alfajiri. Watu wengi huanza na yuniti 10, au 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo ya mwili, kisha wanaongeza 2 kila baada ya siku tatu mpaka kipimo cha asubuhi kikae kati ya 80 na 130. Daktari ndiye anayepanga. Mimi nataja namba ili mgonjwa aelewe anachofanyiwa. Mzee anayeishi peke yake apandishwe polepole zaidi, wala lengo lake lisiwe kali hivyo.

Sirinji iangaliwe kwa makini. Insulini ya leo kwa kawaida ina yuniti 100 katika kila mililita, lakini bado unaweza kuuziwa sirinji iliyochorwa kwa zile za kale za 40. Ukivuta "10" kwa sirinji hiyo, umevuta 25. Sijui kosa dogo la macho linaloua haraka kuliko hilo. Soma maandishi ubavuni: U-100 kwenye chupa, U-100 kwenye sirinji.

Umeme. Kila mtu ananiuliza: SNEL ikikata je? Chupa isiyofunguliwa inataka digrii 2 hadi 8, na isiguse kamwe sehemu inayogandisha, kwa sababu insulini iliyoganda imekufa. Ila chupa unayoitumia si dhaifu kama tulivyofundishwa. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa nchi ya Kenya, wakalirudia katika maabara: wiki nne, joto likipanda na kushuka kati ya 25 na 37. Insulini ilibaki na nguvu sawa na ile ya friji. Walichapisha mwaka 2021. Na sisi tuko kwenye mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari. Mwezi wa sita usiku chumba cha Lubumbashi ni friji yenyewe. Oktoba ndiyo ya kuangaliwa: chungu cha udongo ndani ya kingine, mchanga wenye maji katikati, kitambaa juu, kivulini. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Na usinunue chupa iliyopangwa dirishani mwa farmasi ikiota jua, hata ukipunguziwa bei.

Gharama inataka hesabu. Chupa ya mililita 10 ni yuniti 1,000. Anayedunga 10 kwa usiku ataitupa kabla hajafika hata nusu, kwa kuwa ikishafunguliwa inapewa wiki nne hadi sita tu. Kalamu ya mililita 3 ina 300, mwezi kamili. Tena kinachomaliza fedha kwa wengi ni bandeleti za glukometa. Mwanzoni pima asubuhi, kila siku kama unaweza. Baadaye mara mbili tatu kwa wiki zinatosha kwa anayedunga usiku tu. Kile kipimo kikubwa cha wastani wa miezi mitatu (HbA1c) kinasaidia, isipokuwa kwa wenye SS (selimundu) na hata wanaobeba nusu yake: kwao kinaweza kusoma chini kuliko ukweli.

Sukari ikishuka chini ya 70, mtu anatoka jasho baridi, anatetemeka, anaona njaa ya ajabu. Chini ya 54 anaweza kuongea ovyo, na mtaani watasema amelewa au amelogwa. Vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, ngoja dakika 15, pima tena, kisha ale. Asiyejitambua asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Ndiyo maana siwezi kumwanzishia mtu insulini bila kuona angalau mtu mmoja wa nyumbani kwake. Na kufunga kukavu kwa siku tatu, kama makanisa mengi yanavyohimiza, hakuendi na Daonil wala insulini. Mchungaji aambiwe mapema, naye apewe nafasi ya kuwa mwerevu.

Mama wa Katuba alirudi na binti yake wa darasa la sita, ambaye sasa ndiye mwenye daftari. Daktari wake akamwachia Glucophage, akamwondolea Daonil. Wiki ya kwanza daftari linasoma 251, 244, 230. Wiki ya sita, kwa yuniti 22, linasoma 134. Halafu akaja na malalamiko ambayo sikuyatazamia: njaa imerudi, na kitenge kinambana kiunoni. Nikamweleza kwamba miaka miwili alikuwa anakikojoa chakula chake, na sasa kinabaki mwilini. Kilo mbili tatu ni za kawaida, zaidi ya hapo tupunguze bonge la bukari. Akaniuliza kama angejidunga kwenye paja, kwa kuwa tumbo limeanza kuwa na vinundu. Vinundu vinatokana na kudunga mahali pamoja kila siku, na namna ya kuviepuka, pamoja na habari ya miguu, ndiyo sehemu ya nne.