Ramisi: Wageni wa kaskazi wanaofuata saa ya maji

JINA la Ramisi huwakumbusha wengi kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka wa 1988. Lakini kati ya Septemba na Aprili mahali hapa pana sifa nyingine isiyotajwa sana: matope ya mlango wa mto, katika Ghuba ya Funzi, huwa malisho ya ndege waliokimbia baridi ya Asia na Ulaya.

Kwale haina ziwa la kulinganishwa na Nakuru au Naivasha, ambako wapenzi wa ndege hukusanyika kila Januari kwa sensa ya ndege wa maji iliyoanza mapema miaka ya 1990. Anayezuru ziwa aweza kufika saa yoyote ya mchana. Anayekwenda Ramisi hana budi kuuliza kwanza mwezi umeandama lini, kwa kuwa huku ndege hawafuati jua, hufuata maji.

Sababu ni chakula. Kaa wadogo na minyoo huishi topeni, na malisho hayo hufunikwa na kufunuliwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani ya Kenya hukaribia mita nne. Maji hupwa sana kuelekea adhuhuri na uwanda mpana wa tope hubaki wazi. Mgeni hudhani hiyo ndiyo saa bora. Sivyo, maana ndege wametawanyika mbali na hata kwa darubini huonekana kama vidoa tu. Saa nzuri ni maji yanapoanza kujaa na kuwasukuma hatua kwa hatua kuelekea mikoko.

Rahisi kumtambua ni sululu, kwa mdomo wake mrefu uliopinda kuelekea chini. Maji yakijaa hupumzika juu ya matawi ya mikoko, jambo linalowashangaza waliozoea kumwona akitembea topeni.

Mwenye habari za kupendeza zaidi, hata hivyo, ni mla-kaa wa pwani hii, Dromas ardeola kwa jina la kitaalamu: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene. Huyu hatoki Siberia. Huzaliana kwenye mchanga wa Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, ambako huchimba shimo na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Kinda hufuatana na wazazi hadi Afrika Mashariki, na huku bado huomba chakula na kulishwa. Nchini Kenya hujulikana zaidi katika hori ya Mida, karibu na Watamu.

Kisha wapo vitwitwi, wengi na wadogo, ambao mtazamaji asiye na subira huwapita. Mmoja wao, Calidris ferruginea, ana uzito wa gramu 60 hivi na huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia. Mwaka wa 2024 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira ulimhamishia katika orodha ya ndege walio hatarini.

Kabla ya safari ya Aprili, kitwitwi huyu sharti ajaze mafuta mwilini. Maji yakijaa hana pa kula, hivyo husimama kwenye kipande chembamba cha mchanga asipoteze akiba yake. Mashua ikimsogelea mno, kundi zima huruka, huzunguka, hutua, kisha huruka tena, na kila mzunguko hutumia mafuta ya safari. Picha ya kundi likiwa angani hupendeza, lakini gharama yake hulipwa na ndege. Nahodha mzuri huzima injini mapema na kuiacha mashua ikae mbali.

Kuelekea Aprili vitwitwi hao huanza kubadili manyoya ya kijivu kuwa mekundu kama matofali, kisha huondoka. Wachanga wa mwaka wa kwanza wengi hawaendi. Hubaki pwani msimu wote wa kusi. Kwa hiyo anayefika Ramisi mwezi Juni aweza bado kuwaona wachache topeni, wakiwa na manyoya yao ya kijivu.