Filamu ya Gravity: Je, mtu anaweza kukwama angani kweli?

Msikilizaji wetu mmoja wa Tunduru ameangalia filamu ya Gravity kwenye simu, kisha akatuuliza: yule mama aliyebaki peke yake angani, kwa nini haanguki? Na mambo yale yanaweza kutokea kweli, au ni ya sinema tu?

Kwa ambao hamjaiona, filamu hiyo ilitoka mwaka 2013 na iliongozwa na Alfonso Cuarón. Dk. Ryan Stone, ambaye ni Sandra Bullock, yuko nje ya chombo akitengeneza darubini ya Hubble. Warusi wanalipua setilaiti yao wenyewe kwa kombora, vipande vinatawanyika na kukivunja chombo. Anabaki yeye, na hewa ya mtungini inaisha.

Tuanze na kuanguka. Wengi tunadhani huko juu hakuna mvutano wa dunia. Upo! Kilomita 400 kwenda juu, kilipo Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu tunaousikia hapa chini. Ukweli ni kwamba mwanaanga anaanguka muda wote. Ila anakwenda mbele kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa, na kwa kuwa dunia ni mviringo, kila anaposhuka ardhi nayo inajipinda kumkwepa. Kwa hiyo anaizunguka tu, mzunguko mmoja kwa dakika 90 hivi. Kwa kasi hiyo, Tunduru hadi Songea ni nusu dakika. (Waliosafiri njia hiyo wakati wa masika, kabla ya lami, wanajua ilivyokuwa.)

Kasi hiyo hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kipande cha chuma kisichozidi korosho kinaweza kutoboa ukuta wa chombo. Hapo filamu haikudanganya. Tarehe 15 Novemba 2021, miaka 8 baada ya filamu kutoka, Urusi ililipua kweli setilaiti yake ya zamani kwa kombora. Watu 7 waliokuwa kituoni waliambiwa waingie kwenye vyombo vyao vya kurudia duniani, wakae tayari. Bahati nzuri hawakudhurika.

Filamu imedanganya penye safari. Hubble na kile kituo haviko kwenye njia moja wala kimo kimoja. Kutoka huku kwenda kule kwa kifaa cha kuvaa mgongoni, kama wanavyofanya wale, haiwezekani.

Na kukwama je? Suni Williams na Butch Wilmore wa Marekani walipanda Juni 2024 kwa safari ya siku kama 8. Chombo chao kikapata hitilafu, kikarudishwa kitupu, wao wakabaki hadi Machi 2025: siku 286. Lakini walikuwa na wenzao, chakula na kazi. Ni kama basi likuharibikie mbele ya nyumba ya shangazi yako.

Vile vipande, hata hivyo, havibaki angani vyote. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni sehemu ya roketi. Kwa kawaida vitu hivyo huungua vikishuka, au huangukia baharini, lakini safari hii kimoja kilifika kijijini.

Kikianguka kitu cha namna hiyo shambani kwako, usikiguse na usikikate kwa ajili ya chuma chakavu, kwa sababu matangi ya roketi yanaweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu. Wasogeze watoto mbali, kipige picha kutoka mbali, kisha mpigie simu mtendaji wa kijiji au polisi.