Karamu au Kalamu? Lugha Isiyolala Akilini mwa Mtahiniwa

Mwanafunzi akisoma katika ngano kwamba mfalme aliandaa karamu, kisha akaandika kwenye jibu lake kwamba mfalme aliandaa kalamu, wengi wetu humpigia mstari mwekundu na kusema ulimi wake umeathiriwa na lugha ya mama. Kauli hiyo ni kweli nusu. Kwa mzungumzaji wa Gikuyu, "karamu" ni neno kamili alilolijua tangu utotoni, nalo maana yake ni kalamu. Lugha hiyo ililikopa kutoka Kiswahili, na kwa kuwa haina sauti /l/, likaingia na /r/. Ulimi haukuteleza. Maneno mawili yamebisha hodi kwa pamoja, akafunguliwa asiyealikwa.

Mwaka 1999, Michael Spivey na Viorica Marian, wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, waliwachunguza watu waliojua Kirusi na Kiingereza kwa chombo kinachofuata mwendo wa macho. Waliamriwa kwa Kirusi kitupu wasogeze stempu, ambayo katika agizo hilo huitwa "marku". Karibu nayo palikuwa na kalamu ya wino mzito, ambayo kwa Kiingereza ni "marker". Macho yao yaliikimbilia kalamu hiyo mara nyingi zaidi kuliko vitu ambavyo majina yao hayakufanana na agizo.

Sababu ni kwamba msikilizaji hangoji neno liishe. Silabi ya kwanza ikisikika, maneno yote yaanzayo hivyo huamka, ya lugha zote mbili. Muktadha na silabi zinazofuata ndizo huyalaza yasiyofaa. Aghalabu hali hii humfaidi mwanafunzi: ajuaye "mũndũ" hapati taabu na "mtu".

Kosa la mtahiniwa libaki kosa, na alama iondolewe. Lakini kumkaririsha /l/ na /r/ asubuhi nzima ni kutibu ulimi pekee. Afadhali atunge sentensi yenye vitate vyote viwili, kisha aeleze ni kipi kinacholiwa na ni kipi kinachoandikia.

Katika fasihi, watahiniwa hutaja "kuchanganya ndimi" na kutia nukta. Tuseme katika tamthilia mhusika Mkamba anatangaza kwamba "mutumia" amefika. Mgikuyu aliyeketi naye anamwandalia mama kiti, kwani katika lugha yake huyo ni mwanamke aliyeolewa. Anayeingia ni mzee mwenye mkongojo, kwani ndiyo maana ya Kikamba. Mtazamaji ajuaye lugha zote mbili huanza kucheka kabla mzee hajaonekana. Jibu kamili litaeleza maana zote mbili, nani jukwaani anaijua ipi, na kicheko hicho kinafichua nini kuhusu uhusiano wa wahusika hao.